Kusimama na Kusimamishwa

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa baraza la wazee katika kanisa moja hapa Ngombezi. Kaunta buku ya vikao ilikaa nyumbani kwangu, juu ya kabati, ndani ya mfuko wa rambo ili panya wasiitafune. Imo habari ya mahindi ya shamba la kanisa, ya mabati yaliyopungua, ya zamu za kupiga kengele. Na hapa na pale upo ukurasa ambao kichwa chake nilikipigia mstari kwa rula: Waliotengwa. Juzi niliketi nikayahesabu majina yaliyo chini ya mistari ile. Ni 17, yote ya wanawake, na mbele ya kila moja nimeandika kwa mkono wangu neno lile lile: mimba.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu nataka kuandika juu ya kutoa mimba, jambo ninaloamini kuwa ni dhambi, na sioni nitaingiaje humo kwa mlango wa watu safi.

Imani yangu sitaificha. Aliyemo tumboni ni mtu. Wakristo wa mwanzo waliliona hivyo mapema sana: Didake, kile kitabu kidogo cha mafundisho ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kinakataza kumuua mtoto tumboni na kumuua aliyekwisha kuzaliwa, makatazo mawili yakiwa yameshikana. Luka anasimulia jinsi Yohana alivyoruka tumboni mwa Elisabeti aliposikia sauti ya Mariamu. Na mke wangu aliposhika mkono wangu mwaka ule wa kwanza wa ndoa yetu akauweka ubavuni mwake, sikuhitaji mchungaji wa kuniambia kwamba mle ndani kuna mtu. Daktari anayelazimika kumpasua mama asife, huyo anaokoa uhai, na kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda. Nje ya hapo siwezi kuliita tendo lile kwa jina la kulipamba. Nimelisema hivyo siku za vijana, nimelisema kwenye semina za wachumba, na nikiulizwa leo nitalisema tena.

Lakini kuna usiku wa mwaka 2019, katikati ya masika. Mama mmoja jirani alinigongea kwa sababu nilikuwa na pikipiki. "Shikamoo, mzee," alisema, wala hakungoja niitikie. "Mtoto anamwaga damu." Tulipakia mshikaki: mimi mbele, binti katikati, mama nyuma akimshikilia. Tukapita kando ya mkonge kwenye tope mpaka tukaishika barabara ya Korogwe. Binti alikuwa kidato cha tatu. Njia nzima niliyasikia meno yake yakigongana nyuma ya shingo yangu.

Hospitalini muuguzi aliuliza swali moja tu. "Imetoka, au imetolewa?" Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua anatibu nini. Mama yule hakujibu. Alinigeukia, akanitazama mimi, ndipo akamwambia muuguzi, "Imetoka yenyewe."

Mtazamo ule haujanitoka. Mwanamke ambaye mwanawe angeweza kufa mbele ya macho yake alikuwa anapima kwanza mzee wa kanisa atasema nini. Mimi niliyehubiri uhai ndiye niliyekuwa kizuizi kati ya mgonjwa na ukweli ambao mganga alihitaji kuujua. Nilitoka nje nikasimama karibu na pikipiki mpaka alfajiri. Namshukuru muuguzi yule, ambaye nadhani hakudanganyika hata kidogo, akaendelea na kazi yake. Binti alipona.

Miezi ilipita. Tukakutana kwenye mashine ya kusaga, yeye na ndoo yake, mimi na debe langu, tukingoja foleni. Sikumuuliza kitu. Ni yeye aliyesema, macho chini: "Baba, mimi nisingefanya vile. Lakini dada yangu mlimsimamisha."

Mlimsimamisha. Neno hilo nilikwenda nalo nyumbani pamoja na unga.

Dada yake tulimsimamisha mwaka 2014. Kwa wasiojua, utaratibu wenyewe ni huu: mwanamke asiye na ndoa tumbo likionekana, jina lake linaletwa kwenye baraza, baraza linakubaliana, na Jumapili inayofuata linasomwa mbele ya watu. Anaondolewa kwaya, anaondolewa Meza ya Bwana. Akishajifungua na muda kupita, anarudi mbele tena kuomba toba, anapokelewa, tunasema amerudi kundini. Kusoma jina ni kazi ya katibu. Binti alisimama mbele, kitenge kimefungwa juu ya tumbo la miezi saba, nami nikasoma. Nyuma yangu kwaya ilikuwa imekaa, na kwenye mstari wa besi alikaa mwanamume aliyempa mimba ile.

Nilimjua. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, na kwetu huyo ni mdogo wangu, hakuna neno la kumweka mbali zaidi. Wiki mbili kabla alikuja kwangu usiku, akalia, akaniambia kila kitu. Nilimpa nauli ya Dar es Salaam. Nilimwambia aende akapoe huko, mambo yatapita, ila Jumapili ile alikuwa bado hajaondoka. Na kwenye baraza mzee mmoja alipouliza mwenzake ni nani, mwenyekiti akasema binti amekataa kumtaja, mimi niliyekuwa na jina mdomoni niliinamisha kichwa nikaandika: hajulikani. Limo kwenye kaunta buku mpaka leo. Mwandiko ni wangu.

Katika Mwanzo, sura ya 38, iko habari ambayo sijapata kusikia ikihubiriwa katika kanisa letu. Yuda anaambiwa kwamba Tamari, mjane wa mwanawe, ana mimba ya uzinzi. Hamwiti, hamuulizi, anaamuru atolewe achomwe moto. Tamari anapotolewa anapeleka vitu vitatu, muhuri, kamba na fimbo, na ujumbe kwamba mwenye vitu hivi ndiye aliyempa mimba. Ni vya Yuda mwenyewe. Nilikuwa nikiisoma habari hiyo kama aibu ya ukoo wa kale. Sasa naona kilichomwokoa mwanamke na watoto wake pacha aliowabeba: mzee aliyekuwa na mamlaka ya kuhukumu alikubali mbele za watu kwamba fimbo ile ni yake, na kwamba mshtakiwa ana haki kuliko yeye. Mmoja wa pacha wale ni Perezi, na Mathayo anamtaja yeye na mama yake mwanzoni kabisa mwa ukoo wa Yesu. Kama Yuda angekuwa na mdogo wa kumficha na katibu wa kuandika hajulikani, moto ungewaka.

Babu yangu alifika hapa akitokea Kigoma, mmoja wa manamba walioletwa na Waingereza kukata mkonge. Alituhadithia habari za kipande, kadi iliyotiwa alama kila siku unayomaliza kazi, na mpaka alama 30 zitimie mshahara hukuuona. Kipande hakikuuliza kwa nini jana hukuja. Kambi zilijengwa kwa ajili ya nguvu za wanaume waliotengwa na nyumba zao. Mkataba ulipokwisha, wengi waliondoka, na walioacha watoto hawakuandikwa popote. Kwa hiyo tunapokaa kwenye semina tukisema mimba zisizo na baba zimeletwa na simu na muziki wa vijana, tunasahau tumejengwa juu ya nini. Ngombezi ilikuwa na mwandiko wa hajulikani kabla mimi sijajifunza kuandika. Kaunta buku yangu ilikuwa kipande kingine: ilihesabu tumbo, haikuuliza habari.

Sheria ya nchi nayo inaanzia tumboni. Kifungu cha 150 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14 jela. Kifungu cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka saba, na cha 152 kinampa aliyetoa dawa au kifaa miaka mitatu. Siombi vifungu hivyo vifutwe. Ila nataka tutazame vimezuia nini. Watafiti wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, wakishirikiana na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba 405,000 zilitolewa Tanzania Bara na Zanzibar, na kwamba wanawake wapatao 66,600 walitibiwa kwa madhara yake. Najua Guttmacher ni watu wanaotetea kile ninachokipinga. Punguza makadirio yao nusu ukitaka. Bado unabaki na umati ambao hakuna kanisa la Korogwe wala la Handeni lingeweza kuwakalisha, na wengi wao, kwa hesabu ya nchi yetu, ni watu wenye dini. Wako kwenye kwaya, wako kwenye madrasa. Waliosikia mahubiri yetu ndio hao hao.

Shule nayo ilikuwa inamsubiri binti yule wa pikipiki. Mwezi Juni 2017, Rais Magufuli alitangaza mkoani Pwani kwamba chini ya utawala wake hakuna msichana aliyepata mimba atakayerudi shuleni. Kufukuzwa kwenyewe hakukuanza siku hiyo, kulikuwapo kwa miaka mingi, lakini sasa kulikuwa na sauti ya mkuu wa nchi. Nilikuwa nimekaa kando ya redio, na nilipiga makofi. Sikuunganisha hata kidogo makofi yale na kile nilichokuwa nikikihubiri. Binti yule, aliyekuwa anasikiliza redio ile ile, aliunganisha vizuri sana. Alijumlisha shule, jina kusomwa, kitenge cha dada yake, akapata jibu. Novemba 2021 serikali ikageuza, wasichana wakaruhusiwa kurudi masomoni baada ya kujifungua. Sikumbuki kwamba kanisa letu lilisoma tangazo hilo kwa sauti tuliyokuwa tukisomea majina.

Na mwanamume? Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inasema anayempa mimba mwanafunzi atafungwa miaka 30. Ni adhabu kubwa, na huku kwetu ukubwa wake umekuwa ukuta wa kujifichia. Nani atampeleka mpwa wake akaoze gerezani? Familia zinakaa, mbuzi wanatolewa, shahidi anasafirishwa kwa shangazi Handeni, yanamalizwa nyumbani. Na wanaoitwa kushuhudia yakimalizwa ni sisi wazee wa kanisa, kwa sababu tunaheshimika.

Nimekuwa nikifikiri sana juu ya vigego. Vijana hawalijui tena neno hili, na ni heri. Zamani upande huu wetu, Uzigua, Ubondei na Usambaa, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, mtu wa balaa kwa ukoo, na aliuawa au kutupwa. Bibi zetu hawakuwa makatili. Walikuwa na hofu, na jamii nzima iliwathibitishia hofu hiyo. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipojenga Magila mwishoni mwa miaka ya 1860, na Walutheri walipofika Mlalo mwaka 1891, moja ya mambo ambayo waliobatizwa walitakiwa kuyaacha ni hilo. Sasa hebu fikiri maana ya kuacha. Mtu hakuweza kumpinga muuaji wa kigego kwa kusimama njiani akihubiri. Mtoto yuko pale, meno yameshaota, ukoo hautaki kumwona. Ukisema asiuawe, umesema atalala kwako. Ukristo wa milima hii ulipimwa kwa mlango wa nyumba, na walioufungua mlango walibeba balaa la watu wengine mbele ya majirani waliokuwa wakingoja waone watakufa lini.

Sisi tumebaki na nusu ya kwanza ya sentensi yao. Tunasema asiuawe, kisha tunamwondoa mama yake kwenye kwaya.

Mchungaji mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, ameniambia ninalegeza. "Mkiacha kutenga, mmebariki uzinzi." Simdharau, ana mabinti, ana hofu ya kweli. Lakini nidhamu ya kanisa anayoitetea inatoka Mathayo 18, na pale Bwana ameweka ngazi: uende kwake wewe peke yako, kisha na mmoja au wawili, na kanisa liambiwe mwishoni kabisa, endapo hatasikia. Katika miaka yangu tisa ya ukatibu sikuona hata mara moja mzee akipanda ngazi ya kwanza. Hakuna aliyekwenda kwa dada yule jioni, akaketi kwenye kigoda, akamuuliza mwanangu, umekula? Umeanza kliniki? Tulianzia juu ya paa. Nao Wakatoliki wana la kutufundisha hapa. Papa Fransisko mwaka 2015 aliwapa mapadri wote ruhusa ya kuwaondolea dhambi waliotoa mimba na wakatubu, kwa Mwaka wa Huruma, na mwaka 2016 akaiendeleza bila kikomo. Alisema wazi kwamba ni dhambi nzito. Alichofanya ni kufupisha safari ya anayetaka kurudi.

Mama yangu alikuwa mlokole wa ile mizizi ya Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka Uganda ukatuingia kupitia Buhaya. Nilipokuwa mdogo nilichoshwa na ibada zao. Mtu anasimama, anasema niliiba sukari ya tajiri wangu, na kesho yake anairudisha sukari kweli. Wengine walipitiliza, wakayasema ya chumbani mpaka watoto wakatolewa nje. Lakini walikuwa na jambo ambalo tumelipoteza, na liko ndani ya kitenzi chenyewe. Wao walisimama. Hakuna aliyemsimamisha mwenzake. Mama aliwahi kutoka mbele akasema alimsengenya jirani yake mgumba, na jirani mwenyewe amekaa kwenye benchi la pili, na wote wawili wakalia. Waliita kutembea nuruni. Tukachukua umbo la ibada ile, mtu mbele na watu wakitazama, tukaongeza silabi moja, na silabi hiyo ikawa kisu.

Nilisimama mwaka jana. Sisemi ili nisifiwe, kwa sababu nilichelewa miaka kumi. Nilikuwa nimekwisha kuacha ukatibu. Nilipeleka kaunta buku barazani, nikawafungulia ukurasa wa 2014, nikawaambia neno hili hajulikani ni uongo, na jina ni hili. Palikuwa kimya. Mzee mmoja aliuliza kama nataka kulichafua kanisa. Mwingine alifunika uso kwa kofia yake, na mimi nadhani najua kwa nini. Niliwaomba mambo machache: tusisome tena jina la mwanamke ambaye hatujakwenda kwake, tusimguse binti kabla hatujamtafuta mwanamume, na sadaka ya Jumapili moja kila mwezi iende kwa mwenye mimba asiye na mtu, nauli ya kliniki, sabuni, nepi. Na mabinti waambiwe kanisani, kwa sauti, kwamba anayevuja damu aende hospitali usiku huo huo na aseme ukweli wote, maana kutibiwa si kosa la jinai na hakuna mzee atakayesimama mlangoni kumtazama. La sadaka lilipita. La majina liliahirishwa. Bado tunalijadili.

Kisha nikaenda kwa dada. Anakaa upande wa pili wa reli, si mbali, kwa mguu ni nusu saa. Nilimkuta anaanua mahindi kwa sababu wingu lilikuwa limetanda. Alinisalimu kwa heshima, akanipa kigoda. Nilimweleza yote: kwamba nilijua, nauli niliyoitoa, neno nililoliandika. Nilimwomba anisamehe. Aliendelea kuzoa mahindi kwa ungo mpaka turubai likabaki tupu.

Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliuliza, "Huyo mdogo wako, anajua mtoto anaitwa nani?"

Nilisema sidhani.

"Na wewe, mzee?"

Miaka yote hiyo nilipokuwa nikipaza sauti kwa ajili ya watoto wasiozaliwa, mmoja aliyezaliwa, ambaye mama yake alimbeba mbele ya macho yetu mia mbili akakataa kumtoa, alikuwa anakua ng'ambo ya reli, damu yangu. Nilikuwa nimewahi kumpita njiani, nadhani. Jina sikulijua.

Mama yake aligeuka akaita kuelekea nyuma ya nyumba. Mvulana akaja akikimbia na kopo la maji mkononi, akasimama mbele yangu, akasema shikamoo babu. Nikaitikia, nikamuuliza anaitwa nani.